Kibanda Changu na Fedha za Nyumba Mpya

Jumatatu, 5 Mei

Habari njema! Zile nyumba mpya za barabara ya kinu, nilizozipinga miaka miwili kwa sauti na kwa bango, sasa zina faida. Kampuni iliyozijenga inabanwa na sheria kutoa fungu la fedha la kutengeneza kitu cha jamii hapa Lower Thessingham. Kitu gani? Baraza la kijiji litaamua.

Mimi nimeshaamua. Kibanda cha klabu yetu ya mipira ya nyasi, ule mchezo wa kuviringisha mipira mizito polepole! Paa linavuja. Mlango umeoza chini. Mapazia aliyoshona marehemu mke wangu Edwina yameota ukungu. Alikuwa akituchemshia chai humo kila Jumamosi, na wachezaji walijaa hadi nje. Nasema "klabu yetu" kwa mazoea tu. Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao. Mwanachama nimebaki mimi. Mwenyekiti mimi, katibu mimi. Uchaguzi wa mwaka jana nilipita bila kupingwa.

Adui ni Bi Hilary Penhale. Anataka jiko kubwa kwenye ukumbi wa kanisa, ili watu wale pamoja kila Jumatano kama wafanyavyo sasa, ila bila kubeba vyungu kutoka makwao. Kula! Utadhani watu hawana meza nyumbani.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwona Tamsin, karani wa baraza. Binti mpole, mkaidi kama nyumbu. Nikamweleza kibanda. Akaniuliza kitawafaidi vipi watu wa nyumba mpya, maana fedha zinatokana na nyumba zao na ni lazima mahitaji yao yaonekane. Nikasema watakuja kucheza. Akauliza wangapi wameshakuja. Nikasema hilo ni swali la kichokozi.

Lakini sikutoka mikono mitupu! Kuna kiti kimoja cha diwani kiko wazi. Mwombaji akiwa mmoja, hupewa bila kura. Nikajiona nimekaa pale mezani, mkono juu, kibanda kimepita.

Shida moja. Mwombaji yupo tayari. Cyril Oakes!

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwa Cyril. Tulicheza pamoja miaka mingi, hadi goti lilipomharibikia akajitoa klabuni. Siku hizi hukaa kwenye benchi na kunitazama nikicheza na nafsi yangu. Husema nashinda kwa shida.

Nikamwambia udiwani ni mzigo. Vikao virefu, viti vigumu, ngazi za kupanda. Akanywa chai yake. Kisha akasema, "Mervyn, mimi hapa naongea na redio. Nilidhani kule angalau nitapata watu wa kunijibu."

Nikamjibu kwamba madiwani hawajibu mtu, kila mmoja anajua hilo. Halafu lile goti! Akalitazama goti lake kana kwamba ndilo lililosema.

"Haya, bwana," akasema. "Ukiona hivyo wewe, basi nitajitoa."

Rahisi kuliko nilivyotegemea. Njiani nilipiga mluzi. Wimbo ukaniishia kabla ya kufika nyumbani.

Alhamisi, 8 Mei

Diwani Mervyn Stagg! Nimeapishwa jioni hii. Mwenyekiti wa baraza amenipa mkono. Bi Hilary, ambaye si diwani ila haachi kuhudhuria, alinipongeza kwa tabasamu na kunikaribisha chakula cha Jumatano. Njama dhahiri. Nikamwambia Jumatano nina shughuli.

Nimerudi nikatangaza habari sebuleni. Nilisahau kidogo. Nikasubiri Edwina aseme kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ilikuwa siku ya wazi ya klabu, kuwavuta watu wa nyumba mpya. Nilifyeka nyasi. Nilinunua biskuti nzuri, zile zenye chokoleti. Saa nzima hakuna aliyetokea isipokuwa Cyril kwenye benchi lake, na yeye hahesabiki.

Halafu wakaja! Mama mmoja, Bi Farzana, na mabinti zake wawili. Wachangamfu. Mdogo akauliza kama mpira huu unadunda. Moyo ukanipanda. Kisha nikaona viatu vyao. Viatu vyenye kisigino! Kwenye nyasi zangu! Nikawaeleza kanuni ya viatu, kisha ya ukimya, kisha ya mavazi meupe. Yule mama akasema, "Samahani baba, hatukujua. Tutarudi siku nyingine." Wakaondoka wakipunga mikono.

Cyril akaniambia kutoka kwenye benchi, "Ungewaacha wavue viatu tu, wewe."

Nikamwambia klabu isiyo na kanuni ni uwanja wa mbuzi. Biskuti tulikula mimi na yeye. Alipoondoka nikamaliza zilizobaki peke yangu, nimesimama.

Jumatatu, 19 Mei

Nimehesabu kura. Madiwani tuko saba. Watatu ni wa jiko, nimewasikia wakisifu mkate wa Bi Hilary. Watatu ni wa kibanda. Babu zao walicheza pale. Wa saba mimi. Ushindi! Kesho ndio kesho.

Jumanne, 20 Mei

Sina la kuandika.

Nitaandika. Kikao kilianza vizuri. Nilivaa koti jeupe la klabu. Ajenda ilipofika kwenye fungu la nyumba mpya, Tamsin akainuka na kusema diwani mwenye maslahi katika jambo linaloamuliwa hawezi kulipigia kura, tena atoke chumbani. Nikatazama huku na huku nimwone huyo mla rushwa. Wote walikuwa wananitazama mimi!

Nikasema sina maslahi yoyote, mimi ni mwenyekiti na katibu tu. Mtu akacheka. Mwenyekiti akasema, "Diwani Stagg, mlango ule pale, tafadhali."

Nilisimama kwenye korido, karibu na kabati la mifagio. Sauti zao zilinifikia, maneno hayakunifikia. Walicheka mara moja. Ndani mle mlikuwa na joto.

Tatu kwa tatu. Kura ya pili ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua, na mwenyekiti ni wa mkate. Jiko limepita.

Nje Tamsin akanifuata, uso umemlegea. Akasema anasikitika. Akasema Bwana Oakes, kwa kuwa aliacha klabu zamani, angeruhusiwa kupiga kura. Na wakati anajaza maombi yake, Cyril alimwambia anataka udiwani kwa sababu moja tu, kumsaidia rafiki yake apate paa.

Nikamwomba asimwambie Cyril kwamba ameniambia.

Jumatano, 21 Mei

Cyril amepiga simu. Yuko ukumbini, wanakula pai ya kuku na viazi, Bi Farzana ameleta sambusa, na wamenitunzia kiti. "Njoo basi, Mervyn, kinapoa." Nyuma yake kelele za vijiko na watoto.

Nikasema nina kazi. Nilikaa nikatafuta kazi.

Jumatano, 18 Juni

Kumekucha! Kampuni nyingine imeomba kujenga nyumba shambani nyuma ya kanisa. Nyumba mpya, fungu jipya! Na wilayani wanaunda kamati ya kugawa mafungu yote. Kiti kimoja tu kwa kijiji chetu. Mtu wa kwanza kukipata ni nani? Anahitajika mdhamini wa kutia sahihi.

Nikaenda ukumbini kumtafuta Cyril. Niliwaona dirishani. Alikuwa anasimulia jambo kwa mikono, meza nzima inamsikiliza, binti mdogo wa Bi Farzana kaegemea goti lake lile bovu. Sikuingia, wasije wakadhani nimefuata chakula. Nikasubiri nje hadi wakamaliza. Kulikuwa na manyunyu.

Akatoka, akaniona, akasema, "We Mervyn! Umelowa hivyo, si ungeingia tu?" Nikamweleza habari ya kamati. Akasema kwa aibu kidogo kwamba Bi Hilary na wenzake wamemwomba agombee yeye kiti hicho, na kwamba jambo lake la kwanza litakuwa paa la kibanda.

Paa! Cyril! Wilayani kule, kwa basi, na goti lile!

Ilinichukua muda, lakini kajitoa.