Marehemu Mhandisi Akosa Sifa

Ofisi ya Kutambua Ujuzi wa Ng'ambo, Birmingham, ilitangaza kwa fahari kuu kwamba itamtunuku marehemu Cornelius Tuohy, Mwairishi aliyejenga daraja la reli la kwenda Erdington enzi za babu wa babu zetu. Mgeni rasmi angekuwa Mkurugenzi mwenyewe, Madam Beverly.

Kuandika wasifu wa marehemu aliachiwa Jairus, ofisa asiyefanya mzaha na kanuni. Asubuhi hiyohiyo alikuwa akimnyima kibali Francine, mhandisi wa madaraja kutoka Bukavu, ambaye siku hizi huogesha wazee mtaani Lozells. Kampuni moja ilimshikia kazi ya uhandisi hadi Ijumaa tu.

"Barua ya bosi wako wa mwisho iko wapi?"

"Papa Jairus, chef wangu alikufa mu vita, bureau yake nayo ikaungua na makaratasi yote. Mais daraja yangu iko! Camion, malori makubwa, zinapita pale kila siku."

"Pole, mama. Sheria ni msumeno."

"Basi ikate na ule Mwairishi wenu."

Jairus aliona ni haki. Akamchunguza Tuohy. Cheti hana: alijifunzia kazi kwa kubeba minyororo ya wapimaji wa ardhi. Bosi wake alifilisika akatorokea Amerika. Miaka ya njaa kuu ya Ireland hakueleza alikuwa wapi. Jairus alisikitika, kisha akampiga chini. Na kwa kuwa daraja lilijengwa na mtu asiyetambulika, Jairus akawaandikia watu wa reli, likafungwa papo hapo.

Simu ikalia: Madam Beverly, akiwa njiani kwenda kwenye sherehe.

"Jairus, treni imesimama, niko stuck hapa Nechells! Hiyo daraja imekaa miaka mia na sitini, unataka nini ingine?"

"Kanuni, Madam."

Madam akatoa waraka akiwa ndani ya behewa: kuanzia sasa, ujuzi utathibitishwa kwa kitu alichojenga mhusika na ambacho bado kimesimama. Ili upendeze, akaongeza kwamba unamhusu kila mtu, Mkurugenzi hadi mfagiaji.

Treni ikavuka. Francine naye akampigia kwa video binamu yake Bukavu, binamu akaelekeza simu darajani, na Jairus akaliona lori la saruji likipita taratibu. Akatia muhuri. Francine alilia waziwazi, na Jairus, kinyume cha taratibu zote, alifurahi sana.

Kisha, kwa kuwa hapendi kuacha kazi nusu, akabisha hodi ofisini kwa Madam.

"Tunaomba kuona ulichojenga, Madam."

Madam alifikiri hadi chai ikapoa. "Niliunda kamati."

"Bado ipo?"

"Tuliivunja."

Jairus alimpa pole, akamshika mkono kwa heshima, akamwonyesha benchi la waombaji.