Chuchu ya Mbele Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameondoka na basi la asubuhi. Binti yetu amejifungua salama, mtoto wa kiume, na bibi lazima awepo kumwogesha. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeachiwa nyumba, kuku sita na Wifi.

Wifi ni ng'ombe. Dada yangu alitupatia akiwa ndama, na kwa kuwa katoka kwa dada yangu, mke wangu akamwita Wifi. Kwa hesabu hiyo mimi naye ni ndugu. Hatufanani, ila wote wawili tunapenda kulala mchana.

Miaka sita mke wangu hajaniruhusu kumkamua. Anasema nina mikono ya haraka. Safari hii hakuwa na njia. Kabla ya kupanda basi alinishika bega akasema, kwa sauti ya chini, kwamba ananiamini. Nusura nilie. Kisha akatoa karatasi yenye hatua tisa za kukamua, kwa kalamu nyekundu, akanisomea mbele ya abiria wote.

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Kausha kwa kitambaa safi, chake peke yake. Kamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi, uyatazame. Kamua taratibu mpaka mwisho. Chovya kila chuchu kwenye dawa. Mpe majani abaki amesimama mpaka matundu ya chuchu yafunge. Na mengineyo. Ungedhani namfanyia upasuaji.

Jirani kanichungulia juu ya ua. Namwita Bwana Tai kwa sababu huvaa tai hata akikamua. Alikuwa karani wa benki. Ana ng'ombe wawili, na picha yake imebandikwa kituo cha maziwa chini ya maneno Maziwa Safi ya Mwezi. Mwezi wa nne mfululizo huu. Kauliza kama nahitaji msaada. Nimemjibu kwamba kukamua kupo kwenye damu yangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeihariri karatasi. Hatua tisa zimekuwa tatu: kaa, kamua, ondoka. Naokoa dakika kumi na saba asubuhi, kumi na saba jioni. Mke wangu kapoteza miaka sita ya maisha yake, maskini, na hakuna aliyemwambia.

Kitambaa nimepata kile ninachofutia baiskeli. Wifi kanitazama kwa jicho ambalo nimelizoea humu nyumbani.

Ugunduzi! Ile chupa kubwa ya dawa ya kuchovya chuchu imeandikwa kwamba inaua vijidudu na kulainisha ngozi. Visigino vyangu vimepasuka tangu mwaka juzi, magaga ya kuingiza shilingi. Nimeimimina yote kwenye beseni, nikaloweka miguu nusu saa. Raha iliyoje. Chupani nimetia maji, isionekane tupu.

Wifi baada ya kukamuliwa kaenda moja kwa moja kulala kwenye tope. Nimemwacha. Mtu akichoka amechoka.

Jioni mke wangu kapiga simu. Nimesema hatua zote tisa zinafuatwa. Akashukuru kwa upole sana. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikaingia kulala.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa napumzika. Leo lazima niandike, maana maisha yetu yamebadilika.

Asubuhi chujio limeziba. Mabonge meupe, laini, mengi. Nimechunguza chanzo: chuchu ya mbele kushoto. Nimeikamulia kwenye kikombe cheusi ili nione vizuri. Hakuna shaka. Wifi anatoa mtindi.

Moja kwa moja! Bila jiko, bila sufuria, bila kungoja. Chuchu tatu za maziwa freshi na moja ya mtindi. Hata joto lipo, maana sehemu hiyo ya kiwele ina moto kuliko nyingine, na mtindi bila joto haugandi. Nimeonja kwa ncha ya ulimi. Una chumvi kidogo. Yaani hata viungo kaweka mwenyewe. Nilipomgusa tena kanipiga teke. Nadhani ana haya, kipaji hiki ni kigeni kwake pia.

Kwaheri picha ya Bwana Tai ukutani. Nimemwita makusudi aje aone. Kavaa miwani, kakitazama kikombe. Kagusa kiwele kwa nyuma ya mkono. Kisha akavua tai yake, akaikunja na kuitia mfukoni, akaniambia nimwite daktari wa mifugo sasa hivi, nisingoje kesho.

Wivu. Sikuwahi kuuona wivu mkubwa kiasi kile kwa mtu mzima.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika kituo cha maziwa wa kwanza, na kopo zima. Maziwa ya chuchu zote nne pamoja, kwa heshima.

Dada anayepokea maziwa huchota kidogo na kuchanganya na spiriti. Maziwa mazima hubaki laini. Yangu yakakatika vipande vipande. Nikamweleza kwa utulivu kwamba hilo ndilo jambo lenyewe, huo ni mtindi wa asili, na kwamba yeye ana bahati ya kuwa shahidi wa kwanza. Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kasema ng'ombe wangu ana ugonjwa wa kiwele, na kopo langu lingeingia tangini lingeharibu maziwa ya nyumba arobaini. Akalifunga akanirudishia.

Nimerudi na hasira zangu zote, nimezipanga vizuri, nazijua kwa majina. Nikamkuta Wifi hajagusa majani. Ile sehemu ya mbele kushoto imekuwa ngumu, nyekundu. Nikaigusa. Hakupiga teke. Aligeuza uso tu, akautazama ukuta.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari niliyemwita ni binti mdogo mwenye buti kubwa na maswali mengi. Aliomba kuona kitambaa. Akakishika kwa vidole viwili na kuuliza kama ni cha baiskeli. Sijui alijuaje. Akaiona chupa ya dawa, akainusa, akauliza dawa imekwenda wapi. Nikasema jua la siku hizi ni kali, huenda imekauka. Akaitazama chupa iliyojaa maji. Mimi nikaitazama dari.

Kasema hivi. Chuchu ikishakamuliwa tundu lake hubaki wazi kwa muda. Wifi alilala kwenye tope na tundu wazi, bila dawa, baada ya kupanguswa kwa grisi. Vijidudu vimeingia kama wageni walioalikwa. Tukipambana kuanzia leo huenda ikapona. Tukizembea, chuchu hiyo itakauka moja kwa moja, na Wifi atabaki na tatu maisha yake yote.

Nilimfikiria mke wangu akichuchumaa Ijumaa ijayo, anahesabu, anafika tatu.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi. Namkanda kwa maji ya moto kiasi. Natoa mabonge yote mara nne kwa siku, mpaka chuchu iwe tupu. Asubuhi na jioni nafuta ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, nasukuma dawa ndani kwa bomba lake dogo. Nachanganyikiwa kuliko yeye. Maziwa yote namwaga shimoni, hata ya zile chuchu tatu nzima, na itabidi niendelee hivyo mpaka siku tatu zipite baada ya dawa ya mwisho. Nilimuuliza daktari kama paka anaweza kupata kidogo. Akasema hata paka. Nikamuuliza kuhusu Bwana Tai. Akaanza kufungasha vifaa vyake.

Mchana nilikuwa bandani namwomba Wifi msamaha. Niliongea mambo mengi, mengine ya zamani, hayamhusu. Mara nikasikia mtu anakohoa nje, kikohozi cha adabu. Bwana Tai. Kaleta vitambaa vinne vilivyochemshwa, chupa ya dawa ya kuchovya na gunia la maranda makavu ya kutandika. Tumezoa tope pamoja. Hakunisimanga hata mara moja, jambo ambalo limenitesa sana.

Tulipokaa kupumzika kanieleza kwamba ng'ombe wake wa kwanza alikaukiwa na chuchu mbili, kwa uzembe wake mwenyewe. Tangu siku hiyo huvaa tai anapokamua, ili akumbuke kwamba yupo kazini. Hajawahi kumwambia mtu. Nilitaka kumshika mkono. Badala yake nikamwambia fundo lake limekaa upande.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu kaomba kumsalimia Wifi kwenye simu. Nimeweka simu sikioni kwake. Kamsalimia, kamwambia mjukuu ana mashavu, kamuuliza kama kaka mtu anamtunza. Wifi akahema. Mke wangu akasema anamsikia anahema vizuri.

Nilitaka kusema yote. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema hapa kuna upepo, simu inakatika.

Jumatano, 13 Machi

Mabonge yalianza kupungua Jumatatu, siku ya dawa ya mwisho. Jana yalikuwa mawili. Leo kikombe cheusi kimebaki na maziwa meupe tu, mepesi, hayana kitu. Nimekitazama kikombe mpaka yakapoa. Wifi kala majani yote na kipande cha mkono wa shati langu. Daktari kaja, kakagua, kasema imepona, na kwamba nina bahati kuliko akili.

Sasa tatizo ni visigino. Magaga yamepona, sikatai, ngozi kama ya mtoto. Lakini dawa ile ni ya kahawia na rangi imegoma. Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa jiwe, kwa majivu. Nimechubuka, rangi ipo palepale. Uamuzi: nitavaa buti za mpira mpaka nife.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi maziwa yamepokelewa kituoni. Dada wa spiriti alijaribu mara mbili, halafu akatabasamu. Chupa ya dawa nimenunua mpya, nimeipunguza kidogo ionekane imetumika kwa uaminifu.

Mke wangu kashuka kwenye basi saa nane. Hakuingia ndani. Alipita na mkoba begani mpaka bandani, akanawa mikono, akachuchumaa. Akagusa kiwele kwa nyuma ya mkono, sehemu zote nne. Alipofika mbele kushoto akakaa kidogo. Akakamulia matone mawili kwenye kikombe cheusi na kukiinua kwenye mwanga. Mimi sikuwa napumua.

Akasema maziwa ni mazuri. Akasema banda halijawahi kuwa safi namna hii, na kwamba alikuwa na hofu siku zote kumi na moja, na anaomba nimsamehe kwa hofu hiyo. Macho yake yalikuwa na machozi. Akanishika bega, lile lile. Akasema nimechoka, nivue buti, niweke miguu juu, yeye atakamua.

Moyo ulinijaa. Sijawahi kusifiwa hivyo ndani ya nyumba hii. Nikakaa. Nikavua buti. Nikaweka miguu juu.

Aliitazama chupa. Akavitazama visigino. Akaitazama chupa tena. Nikaanza kueleza habari za jua la siku hizi.

Kacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda, mkoba bado begani. Wifi akageuka kumtazama. Kisha akaacha kucheka, akataka niseme kila kitu, tangu mwanzo, na nisiruke chochote. Nimesema. Mtindi pia. Akaishika ile chuchu ya mbele kushoto. Halafu akasema kwamba mtu aliyekamua mara nne kwa siku mpaka ikapona si mtu wa kufukuzwa. Akaniletea kalamu nyekundu niongeze hatua ya kumi kwa mkono wangu mwenyewe: dawa ni ya chuchu za Wifi, si ya miguu ya mtu.

Nimeandika. Nimetia sahihi. Mimi ni mtu mpya.

Jumamosi, 16 Machi

Mke wangu bado amelala, safari imemchosha. Nimefuata hatua zote kumi. Nimemchovya Wifi chuchu nne, nimempa majani, amesimama. Mtu aliyefunzwa na maisha huonekana.

Nimepita kwa kuku. Yule mwekundu ametaga yai lisilo na gamba. Laini kabisa, lina ngozi nyembamba tu, linatikisika mkononi.

Yai lililomenywa tayari! Bila kugonga, bila kupoteza muda, bila takataka. Kuku wengine watano huenda nao wanaweza, wanahitaji tu kutiwa moyo. Bwana Tai hana kuku hata mmoja.

Nimelifunga kwenye soksi na nimevaa buti. Natoka kumwonyesha mwenye duka kabla mke wangu hajaamka.