Mama Yako Ameipoza Nyumba Yangu

Kwako Shemeji Mkubwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAMA YAKO MZAZI, NA OMBI LA KUJA KUMCHUKUA

Pokea salamu zangu za heshima. Sisi huku ni wazima, na kwa kweli uzima huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba ulimleta Mama kwetu kwa wiki mbili, apumzike baada ya kustaafu kazi yake ya kutunza ghala la viazi kwa miaka thelathini na mmoja. Huu ni mwezi wa nane. Yeye hajapumzika, wala mimi sijapumzika. Naomba niorodheshe.

1. Kama ujuavyo, mimi ndiye fundi cherehani pekee mtaani mwenye kiyoyozi sebuleni. Nilikipata kwa jasho la kushona sare za shule mbili, ili nisitoke jasho tena. Siku ya tatu ya ugeni wake Mama alikizima kwa mpini wa ufagio, maana rimoti nilikuwa nimeificha. Akafungua madirisha yote alfajiri, akayafunga jua lilipopanda, akashusha mapazia mazito. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, na miaka yake sitini na minane, akapaka mabati chokaa nyeupe. Mimi nilishika ngazi tu. Aliniambia kwamba viazi na watu havipishani sana: joto na hewa iliyokwama huharibu vyote. Nilikaa sebuleni mchana kutwa nikingoja jasho liwe shahidi wangu. Jasho halikutokea.

2. Nyuma ya ukuta wetu anaishi fundi saa, mzee mpole asiye na neno na mtu. Mama alikwenda kumsalimia, akarudi, akanishika mkono akanipeleka. Shemeji, mgongo wa kiyoyozi changu ulikuwa unapuliza moja kwa moja dirishani kwake. Alikuwa amelifunga dirisha hilo miaka mitatu. Juu ya kabati lake mshumaa ulikuwa umejikunja kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mzee hakunilaumu, alisema tu kwamba hali ya hewa siku hizi imebadilika. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, joto hukulimaliza. Ulilitoa kwako ukampelekea mwenzako."

Njiani akaongeza kwamba hata moshi wa mtambo wa umeme nje ya mji, unaolisha kiyoyozi changu, una anwani yetu. Nilirudi kwa mzee nikamwomba radhi. Sasa kila asubuhi anapita kunishukuru, nami sijui mtu hujibu nini anaposhukuriwa kwa kuacha ubaya.

3. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na ndani ya mngurumo ule niliishi kwa amani. Dada yako akirudi zamu hospitalini akiniuliza jambo, nilijibu "Mm," lawama zikaenda kwa mashine. Sasa ananisikia. Ubaya zaidi, nami namsikia. Juzi nilimsikia akiimba jikoni. Tumeoana miaka saba, sikujua kwamba anaimba. Nilisimama mlangoni na mkasi mkononi hadi wimbo ukaisha, na suruali ya mteja ikachelewa. Hasara hii nani ataibeba?

4. Hili ndilo kubwa. Msimu wa baridi ulipoingia nilitoa hita, Mama akairudisha kwenye boksi lake. Mapazia aliyokuwa akiyashusha sasa akayafungua mchana, jua liingie, na machweo akayafunga, joto lisitoke. Halafu akanionyesha chini ya mlango, upepo unakopenya, akaniagiza nishone mfuko mrefu mwembamba kama nyoka, niujaze mabaki ya vitambaa vyangu, niulaze kizingitini. Nikashona. Baridi ikabaki nje. Jirani mmoja akauona, akataka wake. Mtaa mzima ukafuata. Kisha wodi ya dada yako ikaagiza arobaini. Mimi, Shemeji, fundi wa suti za harusi, leo watoto wananiita Baba Nyoka. Wiki iliyopita bwana harusi mmoja alikuja kupimwa koti, akaondoka na nyoka wawili.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu uje umchukue Mama kabla jua kali halijarudi, ili nyumba yangu ipate tena joto lake la halali, nami nipambane nalo kama mwanamume mwenye rimoti yake.

Wasalimie mkeo na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Dada yako anakusalimu. Barua hii hajaiona, na naomba ibaki hivyo. Mama naye angekusalimu, ila yuko juu ya paa la fundi saa na ndoo ya chokaa.

Ni mimi, shemeji yako ninayeonewa,
Fundi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimeambiwa kwamba umeshamkatia Mama tiketi ya basi la Jumamosi. Shemeji, nani alikutuma? Seremala yuko chumba cha nyuma tangu asubuhi anapachika dirisha la pili, kwa kuwa Mama anasema chumba chenye dirisha moja hewa huingia ikasahau kutoka. Kitanda cha Mama kimeshafika. Tiketi hiyo ibadilishe jina na uelekeo, uje nayo wewe kumwona mama yako. Na uje na godoro lako.