Daftari la Buluu la Mama Kelvini

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mtihani wa gesi ni Ijumaa. Maswali matano, yote ya gesi kutanuka. Atakayeongoza anakuwa mkuu wa mitambo hapa kwenye ghala la baridi. Atakayefeli mara ya tatu anarudi kubeba mitungi. Mimi nimeshafeli mara mbili. Nina miaka kumi na minne kwenye mafriji na mgongo wangu hautaki kusikia habari za mitungi.

Mpinzani ni mmoja tu: Mama Kelvini. Jina la utani hilo, maana hawezi kuona halijoto bila kuiongezea 273 iwe ya kipimo cha Kelvini. Kabla ya kuja hapa mwaka jana alikuwa anajaza upepo matairi. Matairi!

Leo jaribio. Silinda ina lita tatu za gesi, geji ya presha inasoma bar mbili. Gesi inatanuka polepole mpaka lita tisa, halijoto ileile. Geji itasoma ngapi? Nikazidisha, nikagawanya: sifuri nukta sita saba. Safi kabisa. Mama Kelvini kaandika sifuri. Nikacheka kwa sauti. Gesi imo ndani, geji isome sifuri? Imetorokea wapi?

Mwalimu akampa alama zote. Eti geji huanza kuhesabu juu ya hewa inayotuzunguka, kwa hiyo bar mbili za geji ni tatu za kweli. Tatu ikitanuka mara tatu inabaki moja, sawa na hewa ya nje, na hiyo geji haiioni. Miaka kumi na minne nimeiamini geji. Sitaisaliti leo.

Lakini nikiri hapa, maana hakuna anayesoma: kazi ya yule mama inapendeza. Mistari minne. Kijipistoni kimechorwa pembeni. Hakufuta hata mara moja. Niliiangalia mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua! Ni kiti. Anakaa dirishani kila siku. Nikawahi darasani saa nzima, nikakikalia. Alipofika akanishukuru sana, akasema jua la pale lilikuwa linamuumiza macho na hakujua amwombe nani wabadilishane. Nikaungua saa mbili, ubao sikuuona. Yeye, kwenye kiti changu kibovu cha nyuma, akapata yote.

Si kiti.

Jumatano, 5 Machi

Nikajikaza, nikamwuliza siri yake kwa kuzungukazunguka. Nilianza na hali ya hewa. Akanijibu palepale, bila hata kushusha sauti: kwanza niandike gesi ilivyoanza, kisha ilivyoishia, kisha kitu gani hakikubadilika. Presha ya geji niongeze moja. Halijoto niongeze 273. Basi, baba, akasema, mengine ni kugawanya tu.

Nani anatoa siri kirahisi hivyo siku mbili kabla ya mtihani? Chambo hicho. Sikudanganyika.

Halafu nikaona. Kabla ya kila swali anachungulia kidaftari cha buluu mfukoni, anatabasamu, ndipo anaandika. Nimekupata, mama!

Alhamisi, 6 Machi

Nilimtuma mke wangu akachukue daftari kwa ujanja. Mke wangu hana ujanja. Aliliomba tu, na Mama Kelvini akampa, pamoja na salamu zangu na penseli iliyochongwa.

Ukurasa wa kwanza: ongeza moja, ongeza 273. Chambo kilekile! Nikauruka. Ukurasa wa pili ndipo penye mambo. “Sindano namba nne. Anza na vitanzi sitini. Ongeza viwili. Punguza kimoja kila mstari wa pili. Rudia mpaka kwapani.”

Mke wangu akasema hiyo ni sweta ya mjukuu. Nikamwambia ndivyo anavyotaka tufikiri. Sindano ni ya geji, hilo hata mtoto anajua. Kilichonisumbua ni kwapa la silinda. Baada ya kufikiri sana nimeamua ni pale bomba linapoungana.

Nimekariri yote. Kesho ni kesho!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika kurasa kumi na moja. Kila mstari wa pili nilipunguza moja. Swali la pili likanipa ujazo wa lita hasi nne. Nikaona ni ndogo, nikaongeza viwili.

Swali la tano: vyumba viwili, kuta hazipitishi joto. Kimoja kina gesi, kingine kitupu kabisa. Koki inafunguliwa. Gesi imefanya kazi kiasi gani? Kwa hesabu zangu ilifanya kazi kama punda wa kukodi.

Nje nikamwuliza Mama Kelvini. Akasema sifuri. Kule kulikuwa kutupu, akasema, sasa ingemsukuma nani? Joto halikuingia wala kutoka, na hiyo gesi ya vitabuni chembe zake hazivutani wala hazigombani, kwa hiyo halijoto ni ileile.

Nikasimama pale mlangoni. Kazi sifuri, haikupoa, na nyumba nzima imeijaza! Sijawahi kuheshimu kitu namna hii. Na yeye kayasema yote huku anatafuta kandambili zake.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Kelvini mia. Mimi nne, zote za kijipistoni nilichochora pembeni.

Meneja alikuwa ameshanionyesha mitungi. Ndipo mkuu mpya akasema anataka msaidizi, na anamtaka huyu. Akasema darasani hapakuwa na mtu aliyetaka kujua kama mimi. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, kisha nikanawa uso. Mwanamke huyu ni mkubwa kuliko cheo walichompa.

Kazi ya kwanza: kukagua silinda ya zamani. Geji ilisoma sifuri. Nikaandika kwenye ripoti: “Tupu. Hakuna kitu ndani.” Akaisoma, hakucheka, akanipigapiga begani. Chini yake akaandika: “Ongeza moja.” Bado ananitega, lakini kwa upole.

Halafu akatoa mfukoni daftari jekundu. Jipya! Nikachungulia. “Soksi. Sindano namba tano.”

Namba tano! Kumbe nililokariri lilikuwa la madarasa ya chini. Mke wangu ameshakwenda kuliazima.