Majoho Tisa kwa Idara Nzima

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata kazi! Nusu.

Kampuni ya kuuza mabomba ya maji imenipigia simu nikiwa nimekumbatia shuka za hoteli. Karani wa hesabu. Meza yangu mwenyewe, kiti kinachozunguka. Dada wa simu akasema nifike Jumatatu ijayo na cheti halisi, si nakala. Nikamwambia hakuna shida. Shida ipo.

Cheti changu kiko chuoni, kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti cha mhasibu wa chuo. Kimekaa humo tangu mwaka juzi. Hawakitoi mpaka nimalize ada ya mwaka wa mwisho, ule mwaka ambao mkopo ulichelewa, kisha ukaja nusu, kisha haukuja. Na hiyo nusu iliyokuja nayo inadaiwa. Watu wa mikopo hunitumia ujumbe kila mwisho wa mwezi, kwa heshima kabisa, kunikumbusha riba. Mama naye aliuza kipande cha kiwanja ili niingie mwaka wa kwanza. Jirani aliyekinunua amejenga choo hapo.

Mchana nikaenda kumweleza mhasibu. Bila cheti sipati kazi, bila kazi silipi, nisipolipa sipati cheti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni kweli, jambo hilo linazunguka. Akaniomba nifunge mlango nikitoka.

Jumanne, 5 Novemba

Mama anaamini nafanya kazi ofisini. Ni duka la dobi. Mashine tatu mbele, meza mbili za pasi nyuma, mvuke katikati. Mwenye duka tunamwita Mama Wanga, kwa sababu ya wanga anaotia kwenye kola za mashati. Ndivyo tulivyomweleza yeye. Mpiga pasi mkubwa ni Baba Mistari, ambaye mstari wa suruali aliyoinyoosha unaweza kukata mkate. Mimi wananiita Digrii. Jina alinibandika yeye Baba Mistari, siku yangu ya kwanza, nilipounguza pazia.

Leo asubuhi kulikuwa na suti ya wakili mmoja, ya kijivu, safi, mwenyewe kuifuata kesho. Mpango ukaja wenyewe. Saa ya chakula nikaivaa, nikaazima na miwani iliyosahauliwa kwenye koti la mteja mwingine. Nikaingia kwa mhasibu kama wakili wa yule kijana wa jana. Sikuwa na wasiwasi. Watu hawamtazami mdaiwa usoni. Na mimi nami sikumwona vizuri, miwani ilikuwa ya mtu asiyeona mbali.

Nikasema mteja wangu ana haki zake. Nikasema "kwa mujibu wa" kila nilipokwama. Mhasibu akainuka, akanishika mkono wa kushoto kwa upole, akasoma kikaratasi kilichobanwa kwenye kifungo cha mkono:

"Mia nne na kumi na mbili. Isipigwe pasi ya moto mkali."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye hakucheka. Aliuliza kama suti nimeisafisha mimi. Nikasema ndiyo. Akaishika kola, akasema imetakata. Kumbe mahafali ni Jumamosi hii, na dobi wao wa siku zote ameharibikiwa mashine. Akataka kujua duka letu liko wapi.

Nimerudi bila cheti, lakini na zabuni.

Jumatano, 6 Novemba

Majoho yamefika. Gari zima! Mama Wanga alinikumbatia mbele ya wateja. Tangu hoteli ipunguze vyumba hajapata kazi kubwa namna hii. Amekopa sabuni dukani kwa mtu, amelipa fundi aje atazame mashine ya tatu, ameimba. Akasema mimi ni mtoto wa baraka. Baba Mistari akaguna.

Leo nimejua kwa nini hakai chini wakati wa chai. Binti yake ni mmoja wa wanaohitimu, idara ya uuguzi. Kamsomesha miaka yote kwa pasi, mchana hapa, jioni hotelini. Vifundo vya miguu vimemvimba, akikaa hataki tena kusimama, kwa hiyo hakai. Alilitafuta joho la binti kwa namba yake rundoni mpaka akalipata. Akalinyoosha kabla ya yote, kwa pasi ya mvuke, ile nzuri. Mimi nikaachiwa ile inayotema kutu. Halafu akachukua sindano, akatia mshono mdogo wa uzi mweupe ndani ya kola, ili asije akapewa la mwingine.

"Huyu anatoka bila deni," akaniambia, bila kunitazama. "Hata senti."

Nilinyoosha majoho kumi mfululizo. Hilo neno, bila deni, nalisikia mpaka sasa. Hakuwa ananisema mimi. Lakini mle ndani nani mwingine alikuwa na deni?

Jumatatu haiko mbali.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango! Safari hii sihitaji suti.

Mhasibu anakuja kesho saa nne kuchukua mifuko. Mfuko mmoja haupo. Kelele, jasho, mahafali hatarini. Hapo kijana mmoja anatokea, anatuliza watu, anatafuta kwa akili, anaupata. Mhasibu anamshika mkono. Anasema, kijana, tukulipe nini? Kijana anataja kabati la chuma.

Saa tisa Mama Wanga alipokuwa kwenye simu, nikabeba mfuko uliokuwa karibu na mlango. Mweusi, mzito, kama majoho thelathini. Nikausukuma nyuma kabisa ya rafu ya Waliosahau, ambako tunaweka nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Makoti ya watu waliohama, sare ya mlinzi, gauni la harusi ambayo sijui ilikuwaje. Hakuna anayegusa rafu hiyo. Baba Mistari alipita na maji ya pasi. Alinitazama, nikamwambia nasafisha vumbi.

Kesho nitachelewa makusudi, hofu ipate muda wa kuiva.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefika saa nne na robo nikiwa na hotuba kichwani. Hofu ilikuwa imeiva kweli. Mhasibu amesimama, dereva amesimama, Mama Wanga yuko chini ya meza ananyanyua mazulia. Mfuko mmoja wa uuguzi haupo. Nikawaambia watulie. Nikakunja mikono ya shati. Nikaenda kwenye rafu ya Waliosahau.

Rafu tupu. Hata vumbi halikuwepo.

Nikauliza, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, nguo za hapa ziko wapi. Mama Wanga akasema kauza zote asubuhi, alipofungua tu. Aliyemkopesha sabuni alitaka chake, ndipo akamwita muuza mitumba, akabeba kila kitu bila kufungua. Kisha akanitazama, akatazama rafu, na rangi ikamtoka.

"Kosa langu," akamwambia mhasibu. "Lazima mfuko niliuweka humo mwenyewe kwa haraka. Nimeutoa kwa mkono wangu."

Nikafungua mdomo. Halafu nikakimbia.

Muuza mitumba nilimpata sokoni, amekalia makoti. Yale majoho meusi kayauza kwa jumla, kwa fundi cherehani wa uchochoro wa pili. Fundi alikuwa na mkasi mkononi. Ana oda ya sketi za shule, akaniambia, na kitambaa hiki ni kizuri, hakikunjiki. Vipande vilikuwa vimepangwa mezani, viuno upande huu, mapindo upande ule. Mikono ya majoho ilikuwa chini, kwenye kapu la takataka. Kola nazo. Niliinama kuziokota, sijui kwa nini. Moja ilikuwa na mshono mdogo wa uzi mweupe.

Yalibaki majoho tisa. Fundi hakunipa bure. Nilitoa mshahara wangu wa wiki, na simu.

Niliporudi nikiwa nimeyabeba kichwani, Mama Wanga alilia. Akamwambia mhasibu, mnaona, kijana huyu kakimbia mpaka viatu vimeachama, kwa kosa ambalo si lake. Mhasibu akasema amejionea. Majoho yaliyopotea duka litayalipa, akasema, kidogo kidogo, na Mama Wanga akakubali kabla hajamaliza kusema.

Nitamwambia. Si leo. Leo amechoka.

Jumamosi, 9 Novemba

Wauguzi thelathini, majoho tisa. Mkuu wa chuo aliamua wavae kwa zamu. Tuliitwa, mimi na Baba Mistari, tukae nyuma ya pazia la jukwaa na pasi. Msichana anapita, anapewa mkono, anashuka upande wa pili, tunamvua, tunaunyoosha mgongo wa joho uliolowa jasho, tunamvika mwingine. Ukumbini watu walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha. Walianza kuwapigia makofi wanaovua kama wanaovaa.

Binti yake Baba Mistari alikuwa wa karibu na mwisho. Joho lililobaki lilikuwa la mtu mrefu, likaburuza chini. Baba Mistari akapiga magoti, na miguu ile, akalikunja pindo kwa pini, moja baada ya nyingine, midomo imebana pini. Yule binti akamwambia, baba, inatosha, wananiita. Akasema subiri. Alipomaliza akamgeuza, akamfuta begani kitu ambacho hakikuwepo, akamwachia. Hakuweza kutoka kumwona akipewa mkono, kwa sababu mwingine alikuwa anasubiri kuvuliwa. Aliyasikia makofi tu, ameshika pasi.

Tulipokuwa tunakusanya waya, akasema, taratibu:

"Nilikuona ukiuweka ule mfuko. Nilidhani unautunza, kwa sababu ndani yake lilikuwamo joho la mwanangu."

Nikasema mzee. Akasema yeye hatamwambia Mama Wanga, si mdomo wake. Nimwambie mimi. Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka.

Nitamwambia Jumatatu asubuhi. Jambo la kwanza kabisa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilifika dukani mapema kumwambia. Mama Wanga alinitangulia. Jana, akasema, baada ya ibada alikutana na mhasibu, wakanizungumzia. Chuo kina utaratibu: mdaiwa akipata mdhamini, anapewa cheti na kulipa kwa awamu. Mdhamini ni nani? Ni yeye. Kwanza tuwahi, maana leo ndiyo siku ya mabomba.

Nikamwambia, mama, kuna jambo. Akasema tutaongea njiani. Njiani aliongea yeye. Alisema mumewe marehemu alitaka sana kusoma. Alisema deni la majoho halimtishi, amelea watoto wanne kwa sabuni. Mlangoni kwa mhasibu nikasema tena, mama, ule mfuko. Akanishika bega.

"Usijitese, mwanangu. Yameisha."

Nikajiambia labda kweli yameisha. Akatia sahihi. Mhasibu akafungua kabati la chuma. Cheti ni kidogo kuliko nilivyokuwa nakikumbuka, na jina langu limekosewa herufi moja.

Nilifika kwenye mabomba saa kumi kasoro. Dada wa simu alikisoma, akakisifu, akanirudishia. Nafasi imechukuliwa tangu Ijumaa. Walinipigia simu kunijulisha, akapokea fundi cherehani. Waliyemchukua ana shahada ya pili, na kakubali mshahara uleule wa karani.

Nimerudi kwa miguu. Mama Wanga alikuwa bado ananingoja, ameninunulia soda. Nilimwambia wanafikiria.

Jumanne, 12 Novemba

Baba Mistari haniiti tena Digrii. Ananiita kwa jina langu, na hilo ni baya zaidi. Binti yake ameanza kazi zahanati leo asubuhi. Mzee kaacha kazi ya jioni hotelini, na wakati wa chai amekaa. Amekaa! Mama Wanga kamuuzia yule fundi wa mashine ile mashine ya tatu, ili kulipa awamu ya kwanza ya majoho. Kelele zimepungua dukani. Unaweza kusikia pasi.

Nimewaza usiku kucha, na sasa naona nilipokosea. Nilikosea shahada. Moja haitoshi. Leo saa ya chakula nimekwenda chuoni, dirisha lingine, wala si kwa mhasibu. Shahada ya pili ni miaka miwili tu. Ada yake imepanda, ndiyo, lakini kuna mkopo, na muda wote unaposoma, ule mkopo wa kwanza unakaa kimya haukudai. Miaka miwili ya kimya! Nani asiyeona hesabu hiyo?

Wanataka mdhamini mwenye biashara.

Nitamwomba Mama Wanga kesho, akishakunywa chai. Lile jambo lingine nitamwambia nikihitimu. Siku hiyo atakuwa na furaha.