Afande Alipouliza Mama Mkwe Amekalia Nini

Leo sina uso. Kama kuna aliyepita Mwandiga akauokota, tafadhali anirudishie, kesho nina vipindi.

Wengi wenu mnalijua gari langu. Kwa wasiolijua: ni jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi, na taa zake za mbele hufumba na kufumbua kama macho ya chura. Nililinunua kwa mzungu mmoja aliyekuja Kigoma kuhudumia wakimbizi. Mkataba wake ukaisha, akaondoka, akaniachia spoti yenye umri wa kuamkiwa shikamoo. (Mama yangu mzazi aliniuliza, "Mwalimu wa jiografia unakimbilia wapi?")

Tatizo lake ni mafuta. Linakunywa. Linakunywa kama limeambiwa kesho visima vinafungwa. Na linanuka petroli, hasa ukishajaza tanki. Wanafunzi wangu wanajua nimefika kabla sijashika kitasa cha darasa. Fundi wa kwanza akasema plagi. Tukabadilisha plagi. Wa pili akasema chujio la hewa. Tukabadilisha. Wa tatu akasikiliza mlio, akafumba macho, akatamka "nozeli" kwa sauti ya mchungaji. Tukasafisha nozeli. Likazidi kunywa! Nikasema basi, nimemalizana na mafundi, nitajifunza mwenyewe kwenye simu.

Sasa. Mchumba wangu Mawazo yuko Mpanda kikazi. Jana akapiga: "Mama anakwenda kwa dada yake, mbele kidogo ya Mwandiga. Mpeleke, mzoeane."

Mama yake tunakaa naye huku huku Ujiji, mtaa wa pili. Mama Mawazo hajawahi kuniambia neno baya. Ila siku alipoliona gari aliuliza swali moja tu: "Watoto watakaa wapi?" Na mimi, kwa kutaka kujiokoa, nikamwambia hili gari ni la mwanamke anayejua kubana matumizi. Halili mafuta, mama. Linanusa tu.

Kwa hiyo asubuhi nikawahi kituoni, nikajaza tanki mpaka mdomoni, nisije nikasimama kununua mafuta mbele yake. Nikajiona nina akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nakaa wapi?"

Nikamfungulia mbele. Akakitazama kile kiti, akatikisa kichwa. "Wakubwa hukaa nyuma. Nimeona kwa mkuu wa mkoa."

Ningemwambia nini? Kwamba gari la mkuu wa mkoa lina milango minne? Nikalaza kiti cha mbele. Mama akaingia kwa kichwa, akakwama, akarudi. Akaingia kwa mgongo, akakwama, akacheka. Mara ya tatu tukasaidiana na jirani, akaingia, magoti yamegusa kidevu, kitenge chake kipya kimepangwa vizuri. Dumu lake la mawese ya kumpelekea dada yake tukaliweka nyuma kwenye buti. Safari.

Hatujafika mbali, akasema, "Mwanangu, kuna harufu."

"Ni magari ya mbele, mama."

Mbele hapakuwa na gari. Palikuwa na mbuzi.

Tukapanda kilima, tukashuka kilima. Kona moja, kona nyingine. Nikaona mama amenyamaza. Namtazama kwenye kioo, kakodoa macho dirishani, midomo imebana. Nikamuuliza kama yuko salama.

"Niko salama. Twende tu."

Sauti ya mtu anayekula kiapo. Nikadhani mwendo unamtisha. Nikapunguza.

Tukafika kizuizini, karibu na njia panda ya Mwandiga. Mnajua hali ya siku hizi. Burundi petroli imekuwa adimu, na kuna watu wa kwetu wanajaza magari mjini, wanakwenda kuyanyonya kule karibu na mpaka, mafuta yanavuka kwenye madumu. Kwa hiyo maafande wamewekwa pale wanuse magari. Na mimi nikawaletea langu!

Afande akaingiza kichwa dirishani. Akakitoa haraka.

"Mwalimu, umebeba nini?"

"Mama mkwe."

"Na kingine?"

"Mawese."

Akafungua buti, akaliona dumu la njano, akawaita wenzake wawili. Wakafungua kifuniko, wakainama wote watatu kunusa. Mawese. Mmoja akachovya kidole, akaonja. Mawese mazuri. Lakini harufu ya petroli bado ipo, tena inaongezeka.

"Mama, naomba ushuke tuangalie hapo nyuma," afande akasema kwa adabu.

"Sishuki," Mama Mawazo akajibu.

"Dakika moja tu, mama yangu."

"Miguu inauma."

"Tutakushika mkono."

"Sishuki, baba. Hata mkilala hapa."

Afande akanivuta pembeni. "Mwalimu, mama yako amekalia nini?"

"Amekalia kiti!"

"Hili gari tunalifahamu, vituo vya mafuta vinatuarifu. Leo asubuhi umejaza. Juzi umejaza. Gari dogo kama hili, mafuta yote hayo yanakwenda wapi? Manyovu, mpakani?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama mahali pabaya sana. Nikinyamaza, mimi ni mlanguzi wa petroli. Nikisema, mama mkwe anasikia, dirisha liko wazi. Nikachagua kutofungwa.

"Afande, gari linakunywa."

"Sema kwa sauti."

"LINAKUNYWA! Nimebadilisha plagi, nimebadilisha chujio, nimesafisha nozeli. Kwenda shule na kurudi mshale unashuka unauona kwa macho!"

Kwenye kile kidirisha cha nyuma nikaliona jicho la Mama Mawazo. Moja tu. Lilitosha.

"Haya," afande akasema, "twende nikaone."

Akapanda mbele. Tukaondoka watu watatu: mimi, afande na mama mkwe aliyegoma kushuka. Tukaelekea mjini. Macho yetu yote kwenye mshale. Na mshale, ambao kila siku unashuka kama ndoo kisimani, leo umesimama kama askari wa gwaride!

"Subiri kidogo," nikamwambia, "kwenye kilima utaona."

Tukapanda kilima. Mshale haukutikisika.

"Labda nikikanyaga mafuta." Nikakanyaga. Gari likanguruma, kuku wakakimbia, afande akashika dashibodi. Mshale palepale. Nikakigonga kioo chake kwa kidole. Nikauomba kimoyomoyo. (Ni mimi tu Tanzania nzima niliyekuwa namwomba Mungu mafuta yaishe.)

"Mwalimu," afande akasema taratibu, "hili gari lina matumizi mazuri sana."

Tukarudi kizuizini. Pale tukakuta basi limesimama, linabeba wakimbizi wa Burundi walioteremshwa na meli kutoka Kagunga, wanapelekwa kambini. Watu madirishani, watoto wamepakatwa, vifurushi magotini. Wote wanaangalia gari jekundu.

Afande akashuka. Safari hii hakuwa na utani. "Mama ashuke, kiti kifunguliwe. La sivyo twende kituoni sote."

Nikaingiza kichwa nyuma. "Mama, nakuomba. Watatuweka ndani."

Akanishika sikio, akalivuta mpaka mdomoni kwake. Akanong'ona, machozi yanamlengalenga:

"Mwanangu, nimejikojolea."

"Lini, mama?"

"Tangu kile kilima cha kwanza. Sikusikia hata ulivyotoka. Uzee umenifika leo, ndani ya gari lako. Usimwambie Mawazo."

Jamani. Kumbe huyu mama alikuwa amekaa kimya njia nzima, amebeba aibu peke yake, mimi nafikiria mwendo! Nikanyoosha mkono kugusa kiti. Kimelowa. Nikanusa vidole. Nikanusa tena. Na hapo furaha ikanishika, furaha ya kweli, ya kumwondolea mtu mzima huzuni yake. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"NI PETROLI, MAMA! NI PETROLI!"

Kizuizi kizima kikageuka.

Hata abiria wa basi wakachungulia. Halafu afande akasema kwa wenzake, "Amekiri."

Wakaja mbio. Mama Mawazo naye, aliyegoma kushuka, akateremka mwenyewe bila kushikwa mkono, amepona miguu, anasema, "Ni petroli? Kweli ni petroli? Asante Mungu! Ni petroli!" (Mlanguzi gani anashangilia hivyo?) Kitenge kimelowa nyuma chote. Afande mmoja aliyekuwa anakaribia na sigara akageuka akaenda kuizimia mbali, mbali kabisa.

Wakang'oa kiti. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya bati ndipo ilipo pampu ya mafuta, juu ya tanki. Kifuniko kina matundu manane ya skrubu. Skrubu zilizopo ni tatu. Raba ya kuzuia mafuta yasipande imejikunja pembeni kama chapati iliyoharibika. Tanki likijaa mpaka mdomoni, kila kilima na kila kona petroli inaruka inaingia kwenye sponji la kiti, na mshale hautikisiki mpaka yaliyozidi yaishe. Gari halikuwa linakunywa. Lilikuwa linamwaga.

"Fundi gani mjinga alifunga hapa?" afande akauliza.

(Sasa hapa kuna jambo sikuwaambia pale juu. Kule kujifunza kwenye simu. Mwezi uliopita nilifungua, nikatazama pampu, nikaiona raba imeshajikunja tangu zamani, nikaridhika, nikafunga. Zikabaki skrubu tano. Nikasema labda waliotengeneza waliweka za akiba.)

"Fundi gani?" akarudia.

"Ni mimi."

Kisha akaenda kuegemea nguzo ya kizuizi, mabega yakaanza kumtikisika. Wenzake wakafuata. Yule aliyeonja mawese alikaa chini kabisa.

Wakati huo Mama Mawazo amesimama katikati ya barabara, petroli inamwasha, anajipepea nyuma kwa mkono. Mwanamke mmoja kwenye basi, mtoto mgongoni, akamuuliza kwa Kirundi kuna nini. Mama akajibu kwa Kiha. Hawakuhitaji mkalimani. Akamsimulia yote: mkwe, gari, kilima, alivyodhani ni yeye. Alipofika pale "nimejikojolea", basi zima likaangua kicheko. Wazee, wanawake, dereva. Watu waliovuka na kifurushi kimoja kimoja, wengine sijui wameacha nini nyuma, wakacheka mpaka mtoto akaamka akalia.

Halafu yule mwanamke akafungua kifurushi chake, akatoa kitenge. Akakinyoosha dirishani. "Fata, mama," yaani chukua, mama.

Mama akakataa. Akasisitiziwa. Akakataa tena. Nikatamani ardhi ipasuke. Mkimbizi, njiani kwenda kambini, anamstiri mama mkwe wangu kwa sababu ya gari langu!

Mama akakipokea. Kisha akanigeukia kwa sauti ya amri: "Leta dumu."

Nikabeba dumu la mawese mpaka dirishani. Mwanamke akataka kukataa, mama akamwambia, "Ego, ndiyo, na wewe fata." Likaingia kwa dirisha, mikono mingi ikalipokea. Basi likaondoka, watu wanatupungia.

Afande akanikataza kuwasha gari. Wakalisukuma pembeni wao wenyewe, bado wanacheka. Mama akaoga kwenye nyumba iliyo jirani na kizuizi, mwenye nyumba akampa ndoo na sabuni bila kuuliza maswali, akajifunga kile kitenge, tukamalizia safari kwa bajaji. Kwenye bajaji akageukia nje, akatazama barabara. Nikajua ndoa imekwisha. Nikajikaza.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya kuhusu mafuta."

Akanishika goti. "Mwanangu, nilishalia moyoni mwangu kwamba nimezeeka. Kumbe sijazeeka, ni wewe tu hujui kufunga skrubu. Habari nzuri kama hiyo nitakukasirikiaje?"

Basi, hapa ndipo tulipo, kwa dada yake. Ndani anasimulia, hii ni mara ya tatu, na kila akisimulia petroli inaongezeka. Sasa hivi imemfika kifuani. Mawazo amepiga kutoka Mpanda, anashindwa kuongea, anacheka tu na salio linakatika. Mimi nawaandikia nikiwa uani peke yangu, maana chakula kinapikwa na nimepigwa marufuku kusogelea jiko.

Tafadhali, asicheke mtu.