Mwalimu wa Kivuli na Ufuta Wake

Haya, sogeeni mnisikilize. Leo nimeumbuka. Mchana kweupe, mbele ya kikundi kizima cha akina mama wa Kirongwe.

Mnajua kazi yangu ni kufundisha kilimo, na msimu huu somo lilikuwa ufuta. Niliwaeleza taratibu, maana mimi sina haraka na mtu. Mmea hutengeneza mafuta kwa mwanga wa jua. Ukibananisha miche, majani yanafunikana. Ukipanda chini ya minazi, ni yale yale. Mbegu utavuna, lakini mafuta yake kiduchu. (Nilirudia hilo kila Jumanne saa kumi jioni, mpaka mbuzi wa jirani wakalijua.)

Tulipofika kwenye kupunguza miche, Bi Mwanahija akanuna. Akasema hajazaliwa wa kumng'olesha kitu kilichokwisha kuota. Hapo mdomo ukaniponza. Nikatangaza kwamba tutakamua kilo tano zake na kilo tano za shamba darasa langu. Zangu zikitoa mafuta machache, msimu ujao nampalilia shamba lake lote, peke yangu.

Leo tumekamua. Zake zimejaza chupa ya lita moja na nusu hadi shingoni. Zangu zimekoma vidole vinne chini.

Nikasema mashine ilikuwa haijapata moto. Tukakamua mashudu yangu mara ya pili. Likatoka tone moja, likaning'inia, likakataa kudondoka.

Nikawaomba twende shambani, nikiamini tutakuta alama za mdudu. Tumefika saa kumi. Visiki vya ufuta vimepangana kwa nafasi niliyopima mwenyewe kwa kamba. Safi kabisa. Na vyote viko kivulini.

Kivuli cha banda. Banda la makuti nililojenga mimi, upande wa magharibi, ili wanafunzi wangu wasiungue na jua nikiwafundisha ubaya wa kivuli. Kishamba nilikibana ubavuni mwake, kila mtu aone bila kuinuka. Tangu saa nane mchana hakipati jua. (Nami nilikaa humo msimu mzima, nikipepewa na upepo.)

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kwani nyinyi hamkuona?"

"Tuliona, mwanangu," Bi Mwanahija akanijibu kwa upole. "Tukajua hicho ndicho cha mfano mbaya. Mimi nilivyokitazama tu, kesho yake nikaenda kung'oa miche yangu iliyobanana."

Hakuna aliyecheka. Walijiziba midomo kwa kanga, mabega yakitikisika.

Nimeulizia shamba lake. Ekari tatu.

Basi nyinyi mnaotaka kupanda ufuta, kabla ya kushika kamba, simameni shambani asubuhi, mchana na jioni, mtazame kivuli kinaangukia wapi. Kinapoangukia, msipande.